Salma Hataki Picha

Jumamosi, 6 Septemba

Wageni tisa wa matembezi leo. Asubuhi baridi, baadaye jua kali. Tulianzia soko la Gakoromone kama kawaida, uji wa wimbi uliochachuka, kwenye vibuyu. Wawili waliukunjia uso. Nikawaambia wanywe tu, huo ndio mlango wa Meru. Kisha tukashuka Majengo. Kahawa chungu na kashata karibu na msikiti, sambusa, viazi karai vya unga wa dengu kwa Salma, mshikaki kwa Omari. Njiani nasimulia: akina nani walijenga hapa kwanza, Waswahili, Wanubi, Wasomali, Wameru waliosilimu, na vile kila mmoja alikuja na sufuria yake. Watu hupenda hiyo ya sufuria.

Miguu inauma. Roho safi.

Kero moja tu. Salma ana sheria yake na mimi huitangaza kabla hatujafika: piga viazi picha, piga karai, piga hata ukwaju, yeye mwenyewe usimpige. Msichana mmoja wa Nairobi aliinua simu. Nikamkataza. Akacheka, akasema amechukua mikono tu.

Salma aliniangalia. Akarudi kwenye karai lake.

Jumanne, 9 Septemba

Video ya yule msichana imetoka. Imepigwa vizuri, sikatai. Mvuke wa uji, mafuta yakichemka, watu wakilamba vidole. Ametaja matembezi yangu. Simu haijatulia tangu asubuhi, watu wanaomba nafasi, hata wa Chuka na Embu. Nimeisambaza kila mahali. Nimemtumia hata Mama kule Muthara, maana hawezi kunipigia bila kuuliza kama kutembeza watu wakila ni kazi.

Nimefurahi. Naandika ili nikumbuke.

Jumatano, 10 Septemba

Omari aliniita buchani kwake. Hakunisalimia, na Omari si mtu wa kusahau salamu. Alinisukumia simu yake.

"Umeiangalia mpaka mwisho?"

Sikuwa nimeiangalia mpaka mwisho.

Mwishoni kabisa, muda wa kupepesa macho, Salma anainua uso kutoka kwenye karai. Uso wote. Mkono wa kulia umeshika kijiko cha matundu. Wa kushoto umefichwa na nguzo ya kibanda. Anaangalia kamera wazi wazi, kama mtu aliyeitwa.

Nimemwandikia msichana aifute. Hajajibu. Nimeifuta kwangu. Lakini waliokwisha kuichukua wameichukua, na wengi niliwapa mimi kwa mkono wangu. Mjinga kabisa. Nilikuwa nahesabu wageni tu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimemwambia Salma. Nilitaka asikie kutoka kwangu.

Alikuwa anakoroga unga wa dengu. Aliacha kukoroga. Alivuta ule mkono wake wa kushoto usionyooka, akaubana ubavuni. Nimeuona mkono huo tangu nimjue na sijawahi kuuliza. Majengo watu hawaulizani. Nusu ya mtaa huu ilikuja ikikimbia kitu.

Akasema, "Miaka tisa nimekaa hapa, Kendi. Miaka tisa."

Kisha akanieleza, bila kunitazama. Hakuzaliwa Salma. Alizaliwa Wawira, huko chini Mbeere, mbele ya Siakago. Alikuwa na mume. Asubuhi moja alienda kisimani na hakurudi. Mama yake Omari, marehemu sasa, ndiye aliyemkuta ameketi nje ya bucha na mkono umevimba. Akampa chumba. Akamfundisha kupika. Mwisho akamsilimisha, akampa na jina.

Nikamwuliza mume anaitwa nani, ili nijue wa kumkwepa. Alikataa. Jina hilo halipiti mdomoni mwake.

Alizima jiko mchana kweupe, viazi vimeshachemshwa. Sijawahi kuona.

Jioni msichana wa Nairobi amejibu. Ameifuta, anaomba msamaha, ameweka na alama ya moyo. Sitaki moyo wake.

Jumamosi, 13 Septemba

Wageni wengi kuliko kawaida, wote sababu ya video. Salma hakufungua. Niliwaambia ni mgonjwa. Walinung'unika.

Kulikuwa na mwanamume mmoja peke yake. Ishirini na tano hivi, koti la kijani, mfuko mdogo wa muguka. Hapa kwetu watu hutafuna miraa. Muguka ni wa Embu na Mbeere. Hakula karibu kitu. Uji alimpa jirani yake. Sambusa aliikunja kwenye karatasi. Nilipokuwa nasimulia, hakuniangalia mimi, aliangalia milango ya watu.

Alipoona kibanda kilichofungwa aliniuliza, "Mama wa hapa ni mgonjwa wa nini?"

Nikasema malaria.

"Anakaa wapi?"

Nikasema sijui. Nilijibu haraka mno na nafikiri aligundua.

Naogopa.

Jumatatu, 15 Septemba

Koti la kijani bado liko mjini. Omari amemwona amesimama karibu na msikiti saa ya adhuhuri, akiangalia wanawake wanaopita. Vijana wa tuktuk walitaka kumshughulikia. Omari akawazuia. Alisema tujue kwanza ni nani.

Salma analala kwa Omari na mkewe. Hajauza tangu Alhamisi. Nimempelekea unga na sukari. Amepokea, ameshukuru, hakunikaribisha ndani. Nastahili.

Jumatano, 17 Septemba

Leo yule wa koti la kijani alinifuata mpaka nje ya ploti ninakokaa. Ilikuwa saa nne asubuhi, watu wanafua, kwa hiyo sikupiga kelele. Alivua kofia.

"Dada, mimi si mtu mbaya. Naitwa Njeru. Yule mama wa viazi, nadhani ni dada yangu."

Nikamwambia kila mtu anaweza kusema hivyo.

"Ni kweli," akasema, akaketi kwenye jiwe kama mtu aliyechoka. "Tuliambiwa alikimbia na dereva wa lori. Mama hajaamini hata siku moja. Mimi nilikuwa bado shule."

Sikumwamini. Sikumkataa pia. Nilimwambia aje buchani kwa Omari saa nane, akae kwenye benchi la mbele, asifanye kitu kingine.

Salma alisimama nyuma ya pazia la mlango wa ndani. Mimi upande mmoja, Omari upande mwingine. Njeru aliketi kwenye benchi, ametugeuzia mgongo. Salma aliutazama ule mgongo kidogo tu.

"Ni Njeru," akasema. "Anaketi kama baba."

Alitoka nje. Sitaandika mengine, si yangu. Alimwita kwa Kimbeere, na yule mwanamume mzima akalia katikati ya watu wanaonunua maini.

Ijumaa, 19 Septemba

Salma ameuza tena. Njeru alikaa kando ya jiko siku nzima, akimenya viazi vibaya. Baada ya swala ya Ijumaa watu walijaa. Nimekula viwili kwa ukwaju na pilipili nyingi. Nimepumua.

Jumapili, 21 Septemba

Njeru amerudi nyumbani. Salma alimpa sharti moja: amwambie mama yao peke yake, mtu mwingine hapana. Njeru aliapa.

Nilimpata Salma anapanga makaa. Nikamwambia, "Sasa si umepata amani."

Akatikisa kichwa. Mume yule bado yuko kule kule, ploti ya pili kutoka kwa mama yao. Nikamwomba basi anielezee sura yake, ili wakija wageni nimjue. Alifikiri sana.

"Wewe unatafuta mtu mbaya," akasema. "Usitafute mtu mbaya. Ni mtu mzuri. Kila mtu atakwambia ni mzuri. Kanisani ndiye husoma matangazo. Mkono ulipovunjika, watu walikuja kumpa pole yeye."

Nimelifikiria hilo siku nzima. Nilikuwa nimejiandaa kwa jitu lenye macho mekundu.

Jumatano, 24 Septemba

Njeru amepiga simu. Alikuwa analia au amekimbia, sikujua.

Mama yao aliposikia kuwa Wawira yuko hai, alikaa nayo moyoni mpaka jana, ibada ya jioni ya Jumanne. Kanisani, wakati wa kutoa shukrani, akasimama. Alimshukuru Mungu kwa sauti, mbele ya watu wote. Mwanangu yuko hai, yuko Meru, anapika viazi. Waumini wakapiga makofi. Mume alikuwa pale pale mbele. Naye alipiga makofi.

Siwezi kumlaumu yule mama. Miaka yote hiyo.

Nimeenda kumwambia Salma. Mara ya pili mimi ndiye naleta habari mbaya. Alifunika uso kwa mtandio, akabaki hivyo, kisha akaufunua.

"Haya," akasema.

Ijumaa, 26 Septemba

Omari amemwomba aende Isiolo kwa ndugu zao, wiki moja tu, mpaka tujue. Mimi pia nimemwomba. Amekataa.

"Nikienda Isiolo, kesho atanifuata Isiolo. Kesho kutwa nitaenda wapi? Nimeshanunua viazi."

Nimekasirika naye. Nimekasirika na mimi zaidi. Kesho matembezi yatakwepa kibanda chake. Tutapita barabara ya juu, twende moja kwa moja kwa Omari. Nimepitia majina ya wageni. Wanafunzi watatu wa chuo, mume na mke kutoka Maua, mwalimu mstaafu wa Nkubu, Bwana Nyaga wa Runyenjes. Nimempigia Njeru anitajie jina la mume, simu imezimwa. Majina hayaniambii kitu. Nilitaka kuahirisha, lakini nikiahirisha na yeye akaja peke yake, nitajuaje?

Jumamosi, 27 Septemba

Usiku sana. Naandika hivyo hivyo.

Tulianza vizuri. Mwalimu Gatwiri wa Nkubu ana goti bovu, kwa hiyo tulitembea polepole. Bwana Nyaga alimshika mkono kuvuka mtaro, akamchukulia na mkoba, akaubeba begani bila haya, mkoba wa kike wenye maua. Mwalimu alifurahi. Alisema wanaume kama hao wameisha. Kwenye uji, Nyaga alimaliza kibuyu chake akaomba kingine. Aliwasifu akina mama wa soko. Kabla ya sambusa alivua kofia akasali. Shati limepigwa pasi. Viatu vinang'aa licha ya vumbi lote lile.

Nami nilimpenda. Nitaliandika hilo lilivyo. Nilimpenda.

Kwenye kahawa, wanafunzi wakaanza: viazi je? Walikuwa wamebaki na video kwenye simu zao. Nikasema leo viazi hakuna, tunaenda kwenye mshikaki. Wakaguna. Bwana Nyaga akawatuliza.

"Msimsumbue dada yetu. Labda yule mama anapumzika. Kazi ya karai ni ngumu, na mkono wake wa kushoto ndio humsumbua."

Alisema kwa huruma kabisa. Akanywa kahawa yake.

Ile video nimeiangalia mpaka naijua kama uso wangu. Mkono wa kushoto hauonekani. Uko nyuma ya nguzo.

Niliweka kikombe changu chini. Nikaendelea kuongea, sijui nilisema nini, nadhani nilirudia hadithi ya sufuria. Niliwaza: nisikimbie, nikikimbia atajua. Nimfikishe kwa Omari. Pale kuna wanaume na visu. Nikawaongoza barabara ya juu. Nilitembea mbele na mgongo wote unawasha. Nilimsikia nyuma yangu akimweleza Mwalimu kuhusu kahawa ya kwao, jinsi inavyochumwa, na Mwalimu akicheka.

Kisha sikumsikia.

Niligeuka. Wanafunzi wapo. Watu wa Maua wapo. Mwalimu Gatwiri amesimama peke yake na fimbo yake.

"Bwana Nyaga yuko wapi?"

"Amesema anarudi sasa hivi. Amesahau kitu."

Kushoto kuna uchochoro unaoshuka moja kwa moja kwa Salma. Moshi wake unaonekana kutoka juu. Yeyote mwenye macho angejua.

Nikamwambia mwanafunzi mmoja, "Kimbia pale buchani, mwambie Omari amefika. Sema hivyo tu, amefika." Nami nikashuka mbio. Sijakimbia hivyo tangu shule. Kiatu kimoja kilibaki njiani.

Nilimkuta amesimama mbele ya karai. Kati yao mafuta tu, yanachemka. Wateja wamesimama na sahani zao, hawajui kinachoendelea. Salma alikuwa na kijiko mkononi. Hakurudi nyuma. Hakuwa na pa kurudi, nyuma yake ni ukuta.

Nyaga alikuwa anatabasamu. Alitoa leso mpya, ya kujifunga wanawake, kutoka mfuko wa koti, bado ina mikunjo ya dukani.

"Wawira, nimekuletea leso. Funga vitu vyako, twende nyumbani." Akawageukia watu, kwa Kiswahili safi cha kanisani. "Msinielewe vibaya ndugu zangu. Huyu ni mke wangu. Alipotea akiwa na matatizo ya kichwa. Tumemtafuta tukiomba. Nilimtolea mbuzi na ng'ombe, kila kitu kwa utaratibu."

Mzee mmoja ambaye hunywa kahawa pale akasema kwa upole, "Basi mambo ya mume na mke, tusiingilie."

Hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Watu walianza kusogea. Mmoja akaweka sahani chini. Walikuwa wanamwachia nafasi.

Nikafungua mdomo. Salma akanitangulia.

"Mzee, shikamoo. Kaa. Usiende, kaa usikie." Sauti haikutetemeka. Alizungumza Kiswahili, si Kimbeere, ili kila mtu ashike. "Mbuzi walienda kwa baba. Mimi hakunipa hata mmoja. Mimi alinipa huu."

Akainua mkono wa kushoto mpaka unapofika. Haufiki mbali.

"Mwulizeni huu ulivunjikaje."

Nyaga akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mzazi. "Alianguka. Kwetu kila mtu anajua alianguka kwenye ngazi."

"Ngazi ipi?"

"Wawira."

"Nauliza ngazi ipi. Waambie watu. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, mlango uko chini, kuku wanaingia wakitembea. Ngazi ilikuwa wapi?"

Nyaga akaikunja leso upya.

Alinyoosha mkono juu ya karai ili amshike. Bado anatabasamu, lakini mdomo tu. Salma akainua kijiko kutoka kwenye mafuta, akakishikilia hapo katikati, kinatiririka.

"Nishike," akasema. "Nishike hapa mchana, watu wakiona."

Hakumshika.

Nyuma yangu nilisikia fimbo. Mwalimu Gatwiri alikuwa ameshuka uchochoro wote ule na goti lake, sijui vipi. Alikuwa anahema. Alipita watu, akasimama mbele ya Nyaga, mfupi, anamfika kifuani.

"Bwana Nyaga," akasema, sauti ya darasani. "Nirudishie mkoba wangu."

Ulikuwa bado begani mwake. Ule wa maua. Mkanda ulinaswa kwenye kola alipojaribu kuuvua, akahangaika nao mbele ya watu wote. Mtu mmoja akacheka. Wa pili akacheka. Nikaona uso wake ukibadilika. Mtu mzuri akaondoka usoni, na yule aliyebaki ndiye Salma alikuwa anamjua. Muda mfupi tu. Lakini sote tulimwona. Yule mzee wa kahawa alimwona pia. Alisimama, akachukua kiti chake, akakiweka upande wa Salma, akakaa.

Omari alifika na vijana wa bucha na aproni zao za damu. Walitaka kumpiga. Salma akasema, "Asiguswe. Mkimpiga mtampa hadithi ya kusimulia kanisani."

Wakamtembeza mpaka steji, katikati yao, bila kumgusa. Wakangoja mpaka gari la Embu likajaa na kuondoka naye. Leso ilibaki chini. Hakuna aliyeiokota.

Salma aliuza viazi vilivyokuwa kwenye karai. Vilikuwa vimeungua kidogo. Watu walinunua vyote. Kisha akaketi chini nyuma ya jiko, na mke wa Omari akamfunika.

Jumapili, 28 Septemba

Sikuenda kanisani. Nimelala. Kiatu kimerudishwa na mwenye tuktuk.

Mama alipiga kutoka Muthara, akauliza kazi inaendaje. Nikalia. Hakuuliza tena kama ni kazi.

Jumatatu, 29 Septemba

Tumeenda kituo cha polisi, Salma, mke wa Omari na mimi. Mwalimu Gatwiri alikuja kutoka Nkubu, hatukumwita. Askari mwanamke alitusikiliza, akaandika yote. Salma alieleza kisima, mkono, kila kitu, macho makavu. Alipoulizwa jina ndipo alipolia. Hakujua aseme lipi.

Askari alingoja. Salma akajifuta.

"Andika yote mawili."

Alhamisi, 2 Oktoba

Njeru amepiga. Nyaga aliitwa kituoni Siakago. Kanisani wamempumzisha kusoma matangazo, na wengine bado wanamtetea, wanasema mwanamke amerogwa na watu wa mjini. Njeru anataka kupigana na kila mtu. Nimemwambia apunguze.

Mama yao anataka kuja. Nimepeleka ujumbe. Salma alikaa nao siku nzima. Jioni akasema aje, lakini asije na neno la kurudi nyumbani.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimefuta matembezi. Wageni walikasirika, mmoja ameandika kwamba sina adabu ya kazi. Sawa.

Sijui kama nitaendelea. Nilikuwa nikijiambia nawaonyesha watu mtaa. Sikuwahi kufikiria kwamba unapoonyesha mlango, yeyote anaona mlango. Nimemweleza Salma hivyo, na kwamba sitaleta tena mtu kwake. Nilitaka kuomba msamaha vizuri, nilikuwa nimepanga maneno.

Alinikatiza. "Viazi havijiuzi, Kendi. Walete. Simu zibaki mfukoni."

Sijui kama huo ni msamaha. Sikuuliza.

Jumamosi, 11 Oktoba

Leo pia sikuwa na wageni. Nilishuka Majengo peke yangu, mikono mitupu.

Mama yake Salma yupo tangu jana. Mdogo, mweusi, kitambaa cha kanisa kichwani. Alikuwa ameketi kwenye kreti ya soda anamenya viazi. Njeru alikuwa ameenda kutafuta makaa. Hawakuwa wanaongea. Nilisalimia, nikapewa sahani, nikala nimesimama kama mteja yeyote.

Kisha Salma akachungulia ndani ya karai la maganda, akasema kitu. Kimbeere na Kimeru ni ndugu, nilielewa. Alisema maganda ni manene mno, anatupa nusu ya kiazi. Mama akajibu kwamba amemenya viazi kabla Salma hajazaliwa. Salma akasema viazi vya huku si vya kule. Mama akasema kiazi ni kiazi. Wakaendelea hivyo, sauti zikipanda, hakuna aliyekubali kushindwa, na mama hakupunguza ganda hata kidogo.

Mvua ikaanza, ile ya kwanza ya vuli, matone makubwa. Watu wote tukajibana chini ya bati. Mama akasogeza kreti, akanipisha. Salma akavuta jiko ndani, akatia viazi vingine.